Mechi za Kukamilisha Ratiba

Usiku wa kuamkia Leba Dei mwaka wa 2023 nililia kwa sababu ya mchezo ambao sijawahi kuucheza, unaochezewa juu ya barafu, na watu ambao hawajui kwamba kuna mahali panaitwa Zimmerman. Nilikuwa kwa keja, taa nimezima ili tokeni zisiishe, simu imeegemea thamosi, bando limebaki kidogo. Boston Bruins walikuwa wanaongoza Florida Panthers 3–2 na ilikuwa imesalia kama dakika moja hivi. Brandon Montour wa Florida akasawazisha. Muda wa ziada ukaanza, Carter Verhaeghe akafunga, na ule uwanja wa TD Garden ukanyamaza kama nyumba iliyopokea simu ya hospitali.

Jirani yangu, msee wa bodaboda ambaye hurudi hizo saa, alinisikia akagonga mlango kuuliza kama niko sawa. Nikamwambia timu yangu imetolewa.

"Arsenal?"

"Zii."

"Sasa ni gani inacheza saa hii?"

Nikashindwa kueleza. Hebu nijaribu kukueleza wewe.

Kilichonileta kwa Bruins ni kazi ya usiku. Kama umesoma chuo Nairobi unaijua akademiki: mwanafunzi wa Marekani ana insha ya Jumatatu, hataki kuiandika, analipa, na kijana fulani Kahawa Wendani au huku kwetu Zimmerman anaiandika mpaka kuche. Sitajitetea. Niliwahi kuandika kurasa sita kuhusu uaminifu katika masomo, mteja akapata A. Nikiwa mwaka wa pili nilipata mteja wa kudumu aliyekuwa anasomea usimamizi wa michezo huko Massachusetts, na oda zake nyingi zilihusu Bruins. Nikaanza kutazama mechi ili nisiandike uongo. Boston wakicheza saa moja jioni, kwetu ni saa nane usiku, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya kuwa macho. Baadaye mteja akahitimu, akapotea. Mimi nikabaki na timu.

Hoki ninayosema si ile ya City Park, ambayo Kenya tuna historia nayo (mwaka wa 1971 tulimaliza nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia, ukimwambia mtoto wa siku hizi anadhani unamchezea). Hii ni ya barafuni. Watu sita kila upande pamoja na kipa, viatu vyenye visu chini, na kidude cheusi cha raba kinachoitwa paki kinachopigwa kwa kasi mpaka jicho linakipoteza. Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari pale Mombasa Road, ulifunguliwa 2005, na kuna timu yetu, Ice Lions. Kwa miaka mingi hao majamaa walifanya mazoezi bila mtu wa kushindana naye, kwa sababu Afrika Mashariki nzima hakukuwa na timu nyingine. Mwaka wa 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada iliwachukua ikawapeleka huko wakacheze na timu nyingine. Mimi nilienda Panari mara moja tu. Nilikodi viatu, nikashika ukuta dakika arobaini, nikarudi nyumbani na goti lililovimba na heshima mpya kwa watu wa kazi hiyo.

Sasa, ligi ya Bruins inaitwa NHL. Miaka hiyo kila timu ilikuwa ikicheza mechi 82 kati ya Oktoba na Aprili, kisha timu 16 zinaingia mchujo, na ili upite raundi lazima ushinde mechi nne kati ya saba. Anayebaki mwisho anabeba Kombe la Stanley. Msimu wa 2022–23 Bruins walishinda mechi 65 kati ya 82, wakapata alama 135. Ligi ilianza 1917 na hakuna timu iliyokuwa imewahi kufika hapo. Rekodi ya ushindi ilikuwa 62, ya alama 132. David Pastrnak alifunga mabao 61. Kipa Linus Ullmark alishinda mechi 40. Kuna timu ambazo hulegea zikijua zimeshafuzu. Hawa hawakulegea hata kidogo, Aprili ilifika wakiwa bado wanavunja rekodi kama watu waliotumwa.

Florida waliingia mchujo kama timu ya mwisho upande wao wa mashariki, alama 92. Tofauti ya alama 43, hiyo si tofauti, hiyo ni safari. Boston wakaongoza mechi tatu kwa moja. Ilibaki kushinda moja tu kati ya tatu zilizosalia. Wakapoteza zote tatu.

Swali langu ndilo hili, na nimetembea nalo zaidi ya miaka miwili: zile mechi 65 zilienda wapi?

Mashabiki wengi wana jibu fupi. Zilikuwa bure. Kuna taji linaloitwa Presidents' Trophy, la timu iliyoongoza msimu wa kawaida, na mashabiki wa hoki huliona kama mkosi, kitu unachopokea kwa vidole viwili. Chicago walilibeba pamoja na Kombe la Stanley mwaka wa 2013, na kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo kila aliyelibeba alirudi nyumbani mapema. Wahenga wetu nao wangekaa upande huo bila shida. Kutangulia si kufika, walisema. Ingawa wahenga ni watu wa kukwepa, kwa sababu hao hao walisema siku njema huonekana asubuhi, na asubuhi ya Boston ilikuwa njema kuliko asubuhi yoyote iliyowahi kuonekana.

Nina sababu ya kuuliza, na si ya michezo.

Mama anauza nguo za watoto sokoni, Nakuru. Karo ya semesta yangu ya mwisho, mwaka wa nne, aliituma kwa M-Pesa mwezi wa Januari mwaka huo huo wa 2023, kwa vipande vitatu, kila kipande na ujumbe wa "nyingine inakuja". Laptopu yangu ilikuwa imekufa katikati ya oda. Nikachukua ile karo nikanunua laptopu nyingine na nikalipa rent ya miezi miwili. Hesabu yangu ilikuwa safi: oda tatu kubwa, narudisha pesa, nalipa chuo kabla ya mitihani, Mama hajui lolote. Oda mbili zikaja zikalipwa. Ya tatu mteja akasema haikumridhisha, na katika hiyo biashara mteja asiporidhika hakuna mahali pa kulilia.

Bila karo hakuna kadi ya mtihani. Hiyo inajulikana. Lakini inajulikana pia kwamba ukienda ofisini, ukapanga foleni, ukajieleza, ukaandika barua ya kuahidi kulipa, wakati mwingine unaruhusiwa. Wenzangu watatu waliruhusiwa, nawajua. Mimi sikuenda. Nilikuwa na aibu, halafu nilikuwa na usingizi, halafu nilikuwa na mechi. Mechi ya kwanza ya Boston na Florida ilichezwa Aprili 17. Mitihani yangu ilianza wiki hiyo hiyo. Nilitazama mechi zote saba. Sikufanya mtihani hata mmoja.

Kwa hiyo yule jirani akigonga mlango usiku wa Leba Dei hakuwa amekosea kuuliza.

Mama alijua Novemba, fundi akiwa ameshashona gauni la kitenge la sherehe ya mahafali. Kabla ya hapo kila akiuliza nilikuwa nasema orodha haijatoka. Nilipomwambia hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliuliza tu, "Kwa hivyo hiyo miaka minne yote ilikuwa bure?" Nikasema, "Si bure, Mama." Akanyamaza akisubiri niendelee, na nusura nimwambie kuhusu Boston Bruins.

Nilichotaka kumwambia nilikuwa nacho tayari. Nilikuwa nimekipata nikimwandikia mtu insha ya falsafa, dola chache kwa ukurasa. Aristotle anatofautisha aina mbili za vitendo. Kuna vile ambavyo havijakamilika mpaka vifike mwisho wake, kama kujenga nyumba: ukiwa bado unajenga, huwezi kusema umejenga, na ukiacha kabla ya paa, huna nyumba. Halafu kuna vile vilivyokamilika katika kila nukta ya kuvifanya, kama kuona. Ukiona, tayari umeona. Hakuna mtu anayekuuliza kama umemaliza kuona. Kuishi vizuri anaweka katika kundi hilo la pili.

Nikasema, eeh, hapo ndipo penyewe. Msimu wa Boston ni wa kundi la pili. Mechi waliyoshinda Novemba walishinda Novemba, mtoto aliyebebwa mabegani na babake aliona kile alichoona, na Verhaeghe hawezi kurudi nyuma na paki yake akafute hiyo jioni. Na miaka yangu minne vivyo hivyo. Siku niliyosoma riwaya moja nikashuka kwenye mat kituo mbele ya kituo changu ili niimalize nikitembea, hiyo siku haina sahihi ya msajili lakini ilikuwepo. Nilisoma. Tayari nimesoma.

Nilikaa na hoja hiyo karibu mwaka mzima. Ni hoja nzuri, bado naipenda. Hata nilikuwa nimeipigia mazoezi.

Aliyeiharibu ni rafiki yangu tuliyekuwa darasa moja, mmoja wa wale watatu waliopanga foleni. Tulikuwa kwa kibanda tunakula chapo madondo, yeye amehitimu na hana kazi, mimi sijahitimu na nina kazi ya kuokoteza, yaani tulikuwa tumetoshana. Nikamweleza yote, Aristotle, mechi 65, kila kitu. Akasikiliza vizuri, hata akaacha kula. Kisha akasema, "Lakini buda, hao walipigwa. Wewe hukutokea uwanjani."

Nikamwambia matokeo ni yale yale. Akasema si yale yale. Akaendelea kula.

Si yale yale. Nimejaribu kuyalinganisha usiku mwingi na hayalingani. Faraja ya kusema mwisho haufuti safari ni faraja halali, lakini nadhani ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyesimama pale mwisho akapigwa. Boston walipoteza mechi ya saba wakiwa wanacheza mechi ya saba. Patrice Bergeron, nahodha, alikosa mechi nne za kwanza kwa sababu diski ya mgongo ilikuwa imetoka, akarudi kwa tatu za mwisho na mgongo huo huo. Zile tatu tulizopoteza zote. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba msimu wake ulikuwa bure, utakuwa unajiabisha. Mimi niliazima majeraha yake. Nilikuwa nimekaa kwa kitanda Zimmerman nikijiita mtu aliyeshindwa mwishoni, na ukweli ni kwamba kushindwa mwishoni ningekuwa nimekupanda cheo. Tunao ule msemo wa watangazaji wa mpira, asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunautumia kumwambia aliyepigwa apokee. Nikiusoma tena naona unasema pia kwamba aliyejipanga asije akashindwa, kwa kutocheza, hajawahi kuwa kwenye mashindano.

Ningeweza kuishia hapo nijipige kifua na nilale. Lakini msimu wa 2024–25 ukaja na swali jingine, gumu kuliko hilo.

Msimu huo Bruins walikuwa wabaya. Kocha Jim Montgomery, yule yule wa mechi 65, alifutwa Novemba. Mwezi Machi klabu ikaanza kuuza watu. Halafu ikaja ile miezi ya mwisho: mechi 10 mfululizo bila kushinda hata moja. Zilikuwa zimebaki mechi kadhaa na mchujo ulikuwa umeshaenda, na hapo ndipo inapokuja lugha ya watangazaji wetu ambayo sijui kama lugha nyingine inayo nzuri hivyo: mechi za kukamilisha ratiba. Huchezi kwa sababu ya kombe. Unacheza kwa sababu karatasi inasema Jumamosi kuna mechi.

Na katika ligi ile kukamilisha ratiba kuna mtego. Kila mwaka timu zinachagua chipukizi wapya, na zile mbovu zaidi zinapewa nafasi bora ya kuchagua mapema, kwa bahati nasibu iliyoelemea upande wao. Maana yake, ukishatoka kwenye mchujo, kila mechi unayoshinda inakuumiza. Mashabiki wa Boston wakaanza kuomba timu yao ipigwe. Na sisemi kwa dharau, niliomba nao. Nilikuwa naamka saa nane usiku kutazama timu ninayoipenda nikitaka ifungwe, na ikifungwa nafurahi, kisha nalala vibaya.

Hoja ya kuomba upigwe ina nguvu, tusiidharau. Inasema: kilichopotea kimepotea, maji yakimwagika hayazoleki, mtu mwenye akili anaangalia mbele. Miezi miwili ya aibu kwa miaka mitano ya furaha. Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nayo mwenyewe kuhusu chuo. Nikirudi inabidi nilipe salio, nirudie semesta nzima na vijana wadogo, niandike upya mradi wa utafiti, yote hiyo nipate karatasi ambayo rafiki yangu wa chapo anayo na haijamfanyia kitu. Kimahesabu, rudisha mpira kwa kipa. Mtu wa busara hatupi pesa mpya kufuata pesa iliyozama.

Kilichonisumbua ni kutazama zile mechi kwenyewe. Unajua, ukiwa shabiki unaongea kuhusu "timu" kama ni kitu kimoja kinachoweza kuamua kulala. Ukitazama, unaona watu. Kulikuwa na vijana walioitwa kutoka timu ya chini ya Bruins iliyoko Providence, na kwa kijana wa namna hiyo mechi ya 78 haikamilishi ratiba ya mtu yeyote, hiyo ndiyo NHL yake, pengine yote atakayoipata. Umwambie apoteze kwa ajili ya chipukizi atakayekuja kuchukua nafasi yake? Na kulikuwa na Pastrnak, ambaye hakuwa na la kuthibitisha kwa mtu, nahodha ameuzwa, marafiki wametawanyika, anapiga tu. Alimaliza msimu na pointi 106 kwa mabao na pasi, katika timu iliyokuwa karibu na mkia. Sijui alikuwa anafikiria nini. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nikiomba apoteze na yeye hakuwa akinisikia.

Halafu lile hesabu lenyewe halikulipa. Boston walimaliza wa tano kutoka mwisho, bahati nasibu ikachezwa, timu zilizokuwa juu yao zikaruka mbele, wakaishia kuchagua nafasi ya saba. New York Islanders, ambao hawakuwa wabaya kiasi hicho, ndio walioibuka wa kwanza. Jitihada haiondoi kudura, na inaonekana hata uzembe wa makusudi hauiondoi.

Haki lazima isemwe pande zote, mechi za kukamilisha ratiba zina gharama. Ule mgongo wa Bergeron uliumia wapi? Montreal, mechi ya 82 ya msimu ule wa maajabu, rekodi zote zikiwa zimeshavunjwa, mechi isiyobadilisha chochote kwenye jedwali. Alicheza, akaumia, akakosa mechi nne za maana. Mtu wa mahesabu angemwambia akae benchi, na angekuwa sahihi kabisa. Kwa hiyo sitakuambia kwamba ukicheza kila mechi kwa moyo utalipwa. Bergeron alilipa yeye. Kiangazi hicho akastaafu.

Na kuna Brad Marchand, ambaye nisipomtaja mashabiki wenzangu wachache wa Nairobi (tuko kama wanne) watanitafuta. Marchand alikuwa Boston tangu 2009, akabeba kombe nao 2011, akawa nahodha baada ya Bergeron. Katika ile mechi ya tano ya 2023, sekunde za mwisho, yeye na kipa tu, angefunga Florida wangetolewa usiku huo huo. Kipa Sergei Bobrovsky akazuia. Machi 7, 2025, baada ya mazungumzo ya mkataba kukwama, Boston wakamuuza. Kwa nani? Kwa Florida. Juni akabeba Kombe la Stanley na Florida, amefunga mabao 6 katika fainali peke yake.

Nilipoona hivyo nilijiambia, unaona, aliyetoka ndiye aliyefika. Nilitaka sana liwe somo langu, lingenifaa kama suti. Lakini halinikai. Marchand hakuacha kucheza hoki. Alibadilisha jezi, akasubiri jeraha lipone, akaingia barafuni. Kama ningeacha chuo nikaenda kwa kitu kingine kwa miguu yangu, ningekuwa na la kusema, na kuna watu wengi waliofanya hivyo na wako sawa. Sipendi hata kidogo ile dhana kwamba kila aliyeacha chuo ni hadithi ya huzuni. Mimi sikwenda mahali. Nilizima simu asubuhi ya mtihani wa kwanza.

Nirudi nyuma kidogo, Aprili 2025. Mechi ya 82, kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatano. Nilikuwa nimeahidi sitaitazama. Nikaitazama. Nilitegemea uwanja mtupu, lakini watu walikuwa wamekuja, na jezi zao, na watoto wao siku ya shule. Wakafungwa. Mechi ilipoisha nikakaa na laptopu ile ile iliyonunuliwa na karo, nikafungua barua pepe niliyokuwa nimepokea kutoka kitivo wiki kadhaa nyuma na sikuwa nimeisoma zaidi ya mstari wa kwanza. Ilisema masomo yana kikomo cha miaka, kwamba bado niko ndani ya kikomo, na kwamba nikitaka kurudi niandike, nieleze sababu za kutofanya mitihani, na nilipe salio. Chini kulikuwa na kiasi. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokuwa nikijitishia.

Sehemu ya kueleza sababu ilinichukua muda. Nimeandika sababu za watu wengi maishani, za wagonjwa ambao hawakuwa wagonjwa, za mabibi waliofariki mara mbili. Niliandika mbili kama hizo nikazifuta. Mwishoni niliandika kwamba nilitumia karo kwa mambo mengine na sikuja kusema. Sentensi moja. Ilionekana fupi mno kwa fomu rasmi, nikaiacha hivyo.

Mama alipiga saa kumi na mbili na nusu, yeye hupiga akiwa njiani kwenda sokoni.

"Umeamka mapema leo."

"Sijalala, Mama. Nilikuwa naangalia mechi."

"Mmeshinda?"

"Hapana."

"Ilikuwa ya kombe?"

"Hapana, ilikuwa ya kukamilisha ratiba tu."

Akacheka kidogo, nikasikia makanga nyuma yake akiita watu wa mjini. "Na wewe ukakesha?"

Nikamwambia wachezaji nao walikesha. Hata sijui maana yake, huko kwao ilikuwa jioni. Kisha nikamwambia kuhusu ile laptopu, ilitoka wapi, jambo ambalo miaka miwili hakuwa ameliuliza na nikawa nimejifanya kwamba halijui. Akasema, "Hiyo nilijua." Akanyamaza, akalipa nauli, nikamsikia akidai chenji yake. Kisha akauliza ni pesa ngapi wanataka sasa. Nikamwambia, na nikamwambia asitume hata shilingi, nimeanza kulipa.

Gari lilikuwa limefika. Akasema atanipigia jioni.